Somo aliyenifunda naye anautaka uenyekiti wa AMCOS. Nimpishe?

BARUA

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mkulima wa korosho, nipo kijiji kimoja wilayani Tandahimba. Nina mikorosho 64 niliyopewa na mjomba upande wa mama, kwa hiyo shamba ni la jina langu, na hata kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima, yaani AMCOS, nimeandikwa kwa jina langu. Nina mume na watoto watatu. Kidato cha nne nilimaliza, sikuendelea.

Chama chetu kina wanachama 412. Bodi ina wajumbe saba, na wanawake mle ndani tupo wawili tu: mimi, ninayemaliza kipindi changu cha kwanza, na somo wangu, anayemaliza cha pili. Nikisema somo simaanishi mtu mwenye jina kama langu. Huyu ndiye aliyenifunda nilipokuwa mwali, akanisimamia unyagoni, akanipeleka kwa mume. Mtoto wangu wa kwanza alipokataa ziwa, yeye ndiye aliyekuja kulala kwangu siku tisa mpaka mtoto akashika. Ana miaka kama 58. Hata bodi niliingia kwa mkono wake. Alinambia, "Chukua fomu, watu nitawasemesha mimi," na kweli aliwasemesha.

Sasa sikiliza kilichotokea. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, tupo wanawake 31, tunakutana kila Jumatano. Mimi ni katibu. Somo naye yumo, ndiye anayeshika ufunguo mmoja kati ya tatu za sanduku. Mwaka huu tulishasema liwalo na liwe, uenyekiti wa chama safari hii uje kwa mwanamke. Sababu tunazo. Msimu uliopita malipo yalichelewa, hesabu ya magunia haikueleweka, na wenzetu wengi waliuza kangomba, wanapimiwa kwa kibaba na walanguzi usiku kwa bei ya kutupa, kwa sababu hawakuwa na hata hela ya mboga. Wengi wao korosho zikifika ghalani zinaandikwa jina la mume, hela inaingia benki kwake, wao wanasubiri kuambiwa. Mwenyekiti wa sasa hagombei tena. Wanaume watatu wanajipitisha.

Jumatano moja wenzangu wakanitaja mimi. Wakasema, wewe mizania ya hesabu unaisoma, kompyuta unaijua kidogo, afisa ushirika akija unamjibu. Wakanipigia vigelegele. Siku hiyo Somo hakuwepo, alikuwa msibani Nanyamba.

Siku ya tatu akaja kwangu. Akakaa jamvini, nikamletea maji, akayakataa. Akasema: "Nimesikia. Mimi nimelima, nimepalilia, leo mwenye kikapu ni wewe?" Akanyanyuka akaondoka. Tangu hapo salamu anaitika, lakini haniiti tena mwanangu. Ananiita Katibu.

Kikundi sasa kimegawanyika. Wa rika langu wananiambia nikirudi nyuma nimewauza. Wakubwa wanasema nimekosa adabu. Wanaume wamepata la kusema kijiweni: "Adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Tulieni tu, watamalizana wenyewe." Mama yangu mzazi ananisihi niachie, anasema radhi ya somo si ya kuchezea. Mume wangu hana neno, ila ananikumbusha nisije nikagombana na watu kwa ajili ya posho.

Masharti yetu yanasema mkutano mkuu unachagua wajumbe saba wa bodi kwa kura ya siri, kisha hao saba wanakaa na kuchagua mwenyekiti na makamu miongoni mwao. Lakini hapa kijijini kila mtu anajua mapema nani anautaka uenyekiti. Umebaki kama miezi mitatu. Na kuna mwenzetu ameleta wazo kwamba tuchote kwenye sanduku, tuwalipie kina mama viingilio na hisa, wapate kuwa wanachama wanipigie kura.

Shangazi, nawapenda wote, na uenyekiti nautaka, sitakudanganya. Niende mbele, nimpishe, au nikae pembeni kabisa?

Katibu, Tandahimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakuita hivyo kwa kusudi, maana nimeona barua yako inauma wapi. Kura na magunia umeyaeleza vizuri, kwa utulivu wa mtu wa ofisini, lakini ulipofika kwenye lile neno "Katibu" mwandiko wako umebadilika.

Nikikuelewa sawasawa, umeshikwa na mikono mitatu. Wenzako wamekutuma. Aliyekufunda anaona umechukua kilicho chake. Na wewe mwenyewe unautaka uenyekiti, jambo ambalo si aibu, na nimefurahi umelisema bila kuzungukazunguka. Hofu yako ni kwamba ukimridhisha mmoja utampoteza mwingine, halafu mwanamume aliyekaa kando atapita katikati yenu.

Sitakuambia gombea au usigombee. Ila kuna mambo kwenye barua yako umeyaandika kama vile yameshathibitika, na mimi sina hakika nayo.

La kwanza ni hiyo Jumatano. Umeipitia kwa mstari mmoja: Somo alikuwa msibani. Mwanangu, kikundi kinakutana kila wiki. Mlishindwa kungoja siku saba? Sisemi mlimvizia. Yawezekana kabisa maneno yaliibuka tu, mmoja akakutaja, vigelegele vikafuata. Lakini jiweke kwenye nafasi yake. Mama wa miaka 58, mwenye vipindi viwili kwenye bodi, ameshika ufunguo wa sanduku lenu, anarudi kutoka kuzika anakuta jambo limeamuliwa. Maneno aliyokuambia jamvini, "mimi nimelima, nimepalilia", umeyasikia kama ya mtu anayedai kiti. Mimi ninayasoma pia kama ya mtu aliyesahauliwa. Hayo ni mambo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Anayetaka kiti, unazungumza naye juu ya kiti. Aliyesahauliwa, unaanza kwa kumwomba radhi, hata kama hukukusudia. Ni lipi kati ya hayo, mimi sijui, na nadhani hata wewe hujui, kwa sababu katika barua nzima hakuna mahali ulipoandika kwamba ulimuuliza.

La pili ni hesabu. Unaongea kama vile wanawake 31 ni kura 31. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba wengi wao korosho zao zinaandikwa jina la mume. Kama jina ghalani ni la mume, kuna uwezekano mkubwa na mwanachama ni mume. Kwenye mkutano mkuu mke ataingia, atakaa nyuma kwenye mkeka, atapiga vigelegele, na karatasi ya kura hatapewa. Tuseme kati ya hao 31 wenye uanachama kamili ni 12. Kumi na wawili katika wanachama 412 hawafiki hata watatu katika kila mia. Hata wangekuwa wote 31, bado ni chini ya wanane katika mia. Kwa hiyo ninyi wawili mgombane au mpatane, uchaguzi huu hauamuliwi na kikundi chenu peke yake. Hili ndilo ningependa ulitazame kwa makini kuliko jingine lolote.

Zao hili limewahi kuongozwa na mwanamke ngazi ya taifa. Mama Anna Abdallah, aliyekuwa waziri wa afya, alikuja kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Korosho. Lakini kule mzanini, mama aliyeokota korosho moja moja chini ya mti tangu Septemba, akazianika, akazichambua, akabeba gunia kichwani mpaka ghala la chama, karani anamuuliza, "Niandike jina la nani?" na jibu linalotoka kinywani mwake ni jina la mtu aliyebaki nyumbani. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, karatasi ile ikawa ndiyo kila kitu. Ndiyo inayoonyesha mzigo ni wa nani na hela iingie akaunti gani. Asiyekuwepo kwenye karatasi hayupo.

Fanyeni hivi kabla ya kubishana nani awe nani. Chukueni daftari, mpige mistari, mwandike majina yenu yote 31, na Somo akiwemo. Mbele ya kila jina wekeni vyumba vitano: yumo kwenye daftari la wanachama au hayumo, hisa zake zimekamilika au nusu, anadaiwa na chama au hadaiwi, amesajiliwa kama mkulima wa korosho kwa jina lake au la, ana akaunti ya benki au hana. Mwanachama ana haki ya kuomba kuona daftari la wanachama ofisini, na wewe umo kwenye bodi, halitakushinda. Kazi hiyo inamalizika kwa siku mbili. Wengi wataanguka kwenye hisa nusunusu, maana mtu alilipa kiingilio miaka ile akaahidi kumalizia, akasahau. Huyo ni rahisi kumsaidia.

Wasio na jina kabisa ndio wenye kazi. Mwenye miti yake ya ukoo, kama wewe uliyopewa na mjomba, aende akasajiliwe kwa jina lake kwa afisa ugani na ofisi ya mtendaji, kisha aombe uanachama. Anayelima na mume shamba moja hawezi kuliandikisha mara mbili, hilo litakataliwa na litaleta ugomvi. Inabidi wakubaliane nyumbani kugawa idadi, miti kadhaa kwa jina la huyu na kadhaa kwa jina la yule. Maneno hayo ayaanze mke mwenyewe na mumewe, kwa utaratibu, kabla mume hajayasikia kijiweni. Nimeona umeolewa na mtu asiye na neno. Si kila mmoja wa hao 31 ana bahati hiyo, na nyumba nyingine jambo hili linaweza kuleta kipigo. Asiye tayari asisukumwe. Na akifungua akaunti, jina lake benki lilingane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha taifa na la daftari la chama. Asha na Aisha benki si mtu mmoja. Malipo yanarudi, na wiki zinapita huku walanguzi wa kangomba wanabisha hodi.

Miezi mitatu inatosha kwa baadhi yao, haitoshi kwa wote. Ombi la uanachama lazima lipitie kwenye bodi, na masharti ya vyama vingine yanataka mkutano mkuu uridhie. Muulizeni afisa ushirika daftari linafungwa lini kwa ajili ya uchaguzi, na jibu lake mliandike tarehe.

Hapo ndipo linapokuja lile wazo la sanduku, nalo limenitia wasiwasi. Kuwalipia watu hisa "wapate kunipigia kura" ni kununua kura. Hata aliyelisema kwa nia njema, kule TAKUKURU halitasomeka hivyo, na wapinzani wenu hawahitaji zaidi ya mtu mmoja wa kulisimulia. Halafu hela ya sanduku ni ya wote 31, pamoja na wasiokutaka. Na sanduku lina funguo tatu, mojawapo iko kwa Somo. Mtamwomba afungue ili mumshinde? Kama kikundi kinataka kusaidia, kitoe mkopo wa kawaida, wenye marejesho na riba ileile ya siku zote, kwa yeyote anayetaka kukamilisha hisa, uandikwe kwenye muhtasari, jina la mgombea lisitajwe popote, na kila mama alipe mwenyewe ofisini na risiti ibaki mkononi mwake. Atampigia kura amtakaye, hata kama ni mmoja wa wale wanaume watatu. Uchungu wa hilo lazima muwe tayari kuumeza.

Sasa turudi kwenu wawili. Umeandika kana kwamba kiti ni kimoja na watu ni wawili. Masharti uliyoninukulia hayasemi hivyo. Mkutano mkuu unachagua saba. Wewe na Somo mnaweza kuingia wote bila mmoja kumpunguzia mwenzake, mradi watu wawape kura wote wawili. Ushindani wenu hauanzii mkutanoni. Unaanzia kwenye meza ya watu saba. Hapo, kama masharti yanataka zaidi ya nusu, mwenyekiti anahitaji kura nne. Mkiwa pamoja mnazo mbili mkononi, mnatafuta mbili kwa wanaume watano. Mkiwa mbalimbali kila mmoja ana moja yake, anatafuta tatu. Na usisahau kwamba wanaume wanaojipitisha ni watatu. Wakiingia wote, nao watagawana. Nashangaa kijiweni hakuna anayesema adui wa mwanamume ni mwanamume mwenzake.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Mnaweza kukubaliana kabla: nyote mgombee ujumbe, halafu kwenye meza ile mmoja asimame kwa uenyekiti na mwingine kwa umakamu. Nani awe nani, mzungumze ninyi, si kikundi. Hii inakata ubishi mwingi. Mwiba wake ni kwamba makubaliano ya watu wawili yakivuja kabla ya mkutano, wengine watawaona mmeshajigawia chama, na mmoja wenu anaweza kukosa hata ujumbe. Msitembee kijijini mkiyatangaza. Tena angalieni mapema Somo anaruhusiwa vipindi vingapi kwa masharti yenu. Ingekuwa vibaya mno kupatana kwa machozi, kisha fomu yake irudi kutoka kwenye usaili kwa sababu muda wake umekwisha.

Unaweza kumpisha. Lakini mwanangu, kumpisha mtu ni kumpisha kweli: unasimama naye, unamwombea kura kwa wale wa rika lako waliokupigia vigelegele, unamsomea mizania usiku kabla ya kikao. Ukimpisha kwa mdomo huku kila Jumatano unaguna, atajua siku hiyohiyo. Na usimpishe kwa ahadi kwamba atakuachia baada ya mwaka mmoja au miwili. Masharti hayaitambui ahadi hiyo, na miaka miwili ni mirefu, watu hubadilika bila ubaya wowote. Kama ukisubiri, subiri ukijua kwamba huenda zamu isije.

Unaweza kuendelea mbele naye akaendelea. Hili si kosa la adabu peke yake. Kufundwa ni kufundwa, na chama cha ushirika ni cha wanachama 412. Wapo kina somo na wanawali wao ambao wangeweza kushindana asubuhi na jioni wakala sahani moja. Swali ni kama ninyi ni watu wa namna hiyo, na jibu liko kwenu. Hofu ya mama yako kuhusu radhi nisingeicheka. Ila radhi huondoka kwa dharau zaidi kuliko kwa fomu. Waweza kuchukua fomu bila dharau, na waweza kuiacha fomu na bado ukamdharau.

Na kuna njia ya kukaa kando na uenyekiti safari hii bila kukaa kando na kazi. Kuna kamati ya usimamizi ya chama, inayokagua yale ambayo bodi inafanya. Kwa mtu anayesoma hesabu kama wewe hapo pana kazi kubwa. Nje ya chama, sheria imeweka nafasi ambazo vijiji vingi vinazijaza kwa kutafuta jina tu: halmashauri ya kijiji, wanawake wasipungue robo ya wajumbe, baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, watatu wao wanawake. Kikundi chenye watu 31 kinachomtazama mtu mmoja tu kinajinyima. Hasara ya njia hii ni kwamba wenzako wanaweza kuiona kama umekimbia, na mwaka ukipita hamasa ile isirudi.

Yoyote mtakayochukua, kuna kazi ya kufanya ambayo haingoji jibu. Umesema wenzako walikutaja kwa sababu unasoma mizania. Vizuri. Somo je, anajua nini ambacho wewe hujui? Mwanamke aliyekaa misimu yote hiyo karibu na mzani anajua kushika korosho kiganjani na kusema hii haijakauka, irudi juani siku mbili. Anajua karani anayesahau kurudisha mzani kwenye sifuri kabla ya mzigo unaofuata, na yule asiyetoa uzito wa gunia lenyewe, kama kilo moja hivi, kwa sababu kilo moja kwa kila gunia ni mali ya mtu. Hayo hayamo kwenye mizania.

Tengeni nusu saa kila Jumatano baada ya kununua hisa za kikundi. Chukueni taarifa ya chama ya mwaka jana, muisome kwa sauti, wewe ufundishe karatasi na Somo afundishe ghala. Fanyeni hesabu ndogo kama hii, namba nimezitunga kwa mfano: chama kimekusanya kilo 600,000. Gunia linabeba kilo 80. Magunia yaliyohitajika ni 7,500. Taarifa inasema yalipokelewa 8,000. Je, yale 500 yako stoo, yalichanika, yalirudishwa chama kikuu, au yalikwenda wapi, na karatasi yake iko wapi? Kisha ushuru: kama chama kinakata shilingi 50 kwa kilo, hapo zimeingia shilingi milioni 30. Zimelipa makarani wangapi, usafiri wa kiasi gani, na imebaki ngapi? Mama akishaweza kuuliza hivyo kwa upole kwenye mkutano, na mwenzake wa pili akasimama kuunga mkono hoja kabla mwenyekiti hajaipitia juu kwa juu, chama kinaanza kubadilika hata kabla ya uchaguzi. Kaeni mbele siku hiyo, kwenye viti. Anayeketi nyuma karibu na mlango ili awahi kupika hasikiki, kwa hiyo pangeni mapema nani atabaki na watoto na nani atapeleka maji.

Kitu kingine wengi hawakifikirii. Mwenyekiti mwanamke akishapatikana, wanaomwelemea kwanza mara nyingi ni wanawake wenzake. "Tulikuchagua sisi, ipokee korosho yangu hivyohivyo." Ukiipokea mbichi, itaharibu mzigo wa wote, ubora utashuka na bei mnadani itashuka nao, na lawama ni yako. Kikundi kikubali tangu sasa, mbele ya wote, kwamba hakuna atakayeomba upendeleo kwenye mzani wala kwenye mgawo wa salfa, ile dawa ya mikorosho. Msaada atakaouhitaji huyo mama ni mwingine: mtu wa kuongozana naye akiitwa kikao TANECU, chama kikuu chenu, na kurudi jioni, ili maneno ya njiani yasipate pa kuotea; mtu wa kupokea simu za wakulima wakati wa minada, kwa sababu zinaanza alfajiri; mtu wa kumwambia ukweli akikosea, faraghani.

Nikurudishe kwa Somo. Ningekuwa wewe ningemwona kabla ya Jumatano ijayo, bila kikundi, bila fomu, bila jibu mfukoni. Mkiona mazungumzo ya wawili ni mazito, mtafuteni mama mtu mzima mnayemheshimu wote, akae katikati. Anza na ile siku ya msiba. Muulize uenyekiti anautakaje, na kama hautaki, ni kitu gani kilimwuma. Mwambie na wewe unautaka, kama ulivyoniambia mimi. Akisikia kwa mwingine itakuwa mara ya pili. Halafu nyamaza umsikilize, hata akikusema. Daftari lile la vyumba vitano libebe, lakini usilifungue mpaka aulize una nini mkononi.

Nenda asubuhi kabla hajatoka kwenda shambani. Akikukaribisha maji, kunywa.

Shangazi